Mwaka Nilioandika "Hana Kazi"

Bwire, mtoto wa mwenye nyumba wangu wa zamani, alinipigia simu mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa bado natafuta miwani yangu, akaniambia, "Kaka, mama ametuacha." Nilikaa kitandani. Mimi si mtu wa machozi, wanangu hunisema kwa hilo, lakini siku hiyo nililia mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Tulimzika kijijini kwao, kule rasini ziwani, na kesho yake nikamwomba Bwire anipitishe Musoma mjini, mtaa wa Kitaji, nikaione nyumba. Nyumba ipo, ila chumba nilichokaa mimi kimetobolewa ukuta kikawa duka la vifaa vya simu. Kijana aliyekuwemo akaniuliza, "Nikusaidie nini, mzee?" Nikamwambia kwamba hapo alipotundika chaja ndipo nilipokuwa nalala. Akacheka kwa adabu, kama wanavyocheka vijana wakiona mzee ameanza habari zake, nami nikaondoka nisimchoshe.

Nimekuwa nikiwaandikia wajukuu wangu maisha yangu kidogo kidogo, na mwaka ule niliokaa nyumba ile nilikuwa nauruka. Si kwamba ulikuwa mbaya. Sijui mwaka mwingine ulionikutanisha na watu wema kiasi kile, na kila ninapohesabu walionilea baada ya wazazi wangu, wengi wao nawapata humo humo. Niliuruka kwa sababu ndani yake nilimkosea Mama Bwire, na mzee huona haya kujiumbua mbele ya watoto. Bwire ameniambia niandike tu. "Mama mwenyewe alikuwa anaisimulia na kucheka," alisema, "sasa wewe unamwogopa nani?"

Wakati ule kijana aliyemaliza kidato cha sita na kutoka jeshini haendi chuo kikuu moja kwa moja. Sharti afanye kazi kwanza, mwajiri wake aandike barua kwamba ni mchapakazi mwenye tabia njema, ndipo mlango ufunguliwe. Bila barua hiyo ungekaa nyumbani na vyeti vyako mpaka viliwe na mchwa. Nami kazi niliyoipata ilikuwa ni kuuliza watu kama wana kazi. Wataalamu watatu walikuja kutoka chuoni kufanya utafiti katika mkoa wetu wa Mara: Musoma mjini, Bunda na vijiji vya Butiama. Kiongozi wao, Dokta Lema, alikuwa mchumi, Mchaga mpole aliyevaa tai hata jua likiwa la utosini. Wa pili alikuwa Injinia Kato, Mhaya mrefu aliyetembea na mizani ya kuning'iniza na futi ya kamba, akipima ndoo za maji na mizigo ya kuni. Wa tatu alikuwa Bi Salma wa Tanga, mtaalamu wa mila na jamii, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara tufunge midomo. Walinichukua kwa sababu nilijua Kijita, lugha ya kwetu ziwani, na kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwandiko huo ndio ulioniponza baadaye.

Nilipanga chumba kwa Mama Bwire, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na gunia la udaga lililoegemea ukuta, maana stoo yake ilikuwa imejaa. Udaga ni mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, na harufu yake niliichukia wiki ya kwanza, wiki ya pili nikaizoea, na sasa nikiikuta sokoni Dar es Salaam nasimama kidogo. Ukutani palikuwa na tundu lililotazama uani, alikobanikia samaki kwa moshi, kwa hiyo mashati yangu yote yalinuka furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ulikuwa mwaka wa dhiki. Sabuni haikuwepo, sukari tuliisikia tu, na ukiona foleni ulijiunga kwanza ndipo uulize wanauza nini. Mama Bwire alinifulia kwa majani ya mpapai. Asubuhi alinipa uji alioukamulia ndimu usahaulike ubaya wake, na mchana ugali wa udaga na mtama, mweusi, mzito, kwa mchuzi wa furu. Nilinenepa mwaka ule. Wenzangu hawaamini nikiwaambia.

Kabla hatujaenda vijijini Dokta Lema aliniagiza niijaribu fomu kwa mtu ninayemfahamu, mkono uzoee. Nikamjaribia mwenye nyumba wangu. Pale nyumbani tulikuwa tunaongea Kijita, lakini siku hiyo nilimwuliza kwa Kiswahili, tena kile cha redioni, maana nilikuwa kazini. Alikuwa amekaa uani anamenya mihogo, mtoto wa jirani amelala mgongoni mwake, na jicho moja liko kwenye moto wa samaki.

"Jina lako kamili?" nikamwuliza.

"We Magesa, jina langu hulijui?"

"Mama, nafuata fomu."

"Haya, ifuate."

Tukafuata fomu. Umri hakuwa na hakika nao, tukaukadiria kwa mwaka wa njaa fulani. Watoto, mmoja, yuko Mwanza. Mume, marehemu. Kisha nikafika kwenye swali la tisa, nikamwuliza kazi yake ni nini. Akacheka, kisu kikiwa kinaendelea kumenya. "Kazi? Mimi sina kazi, baba. Nalimaga tu." Fomu ilikuwa na nafasi tatu: ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi. Nikaandika hana kazi, kwa herufi nzuri za kulala, nikapiga na mstari chini. Sikuuliza zaidi kwa sababu chakula kilikuwa karibu kuiva. Nakala moja ya kila fomu ya mjini ilikwenda ofisi ya kata, ndilo lilikuwa sharti la kibali chetu, na ile ya majaribio nikaiweka pamoja na nyingine ili rundo lionekane kubwa.

Jumamosi wataalamu walikuwa wanakuja kula kwa Mama Bwire, kwa sababu chakula cha hosteli walikofikia kilikuwa wali wenye mawe. Walikula na kubishana. Mimi nilidhani wasomi wakubwa wakishasoma wanakubaliana. Nilishangaa kuona neno dogo kama kazi linawagombanisha mpaka mchuzi unapoa. Dokta Lema alisema kazi ni ile ambayo mtu mwingine yuko tayari kukulipa uifanye, mengine ni maisha tu. Bi Salma akasema hapana, kazi ni lile jambo ambalo lisipofanywa watu wataulizana, "leo fulani ana nini?" Injinia Kato akawacheka wote wawili. Kwake yeye kazi ilikuwa nguvu zidisha umbali, basi. Ukiusukuma ukuta kutwa nzima na ukuta usisogee, kazi uliyofanya ni sifuri. Ukisimama na ndoo ya maji kichwani bila kuiinua wala kuishusha, ni sifuri pia.

Mama Bwire alikuwa anapita na sinia. Akasimama. "Sifuri?"

"Kwa hesabu, mama. Mzigo haujasogea."

Akaingia ndani, akatoka na debe la maji limejaa mpaka shingoni, akamkabidhi. "Shika hilo, baba, mikono mbele. Usisogee. Sisi tunakulaga taratibu." Injinia alikuwa mtu wa kukubali mchezo, akashika. Tukaendelea kula. Haikuchukua muda mishipa ya shingo ikamtoka, mikono ikaanza kutetemeka, maji yakamwagikia viatu. Mama Bwire akamwuliza kwa upole kama sifuri imeshaanza kumwuma. Dokta Lema alicheka mpaka akalegeza tai, na ndiyo mara pekee niliyomwona ameilegeza. Lakini naye hakupona. Mama alimgeukia akamwuliza, akiwapikia wao anafanya kazi? Dokta akasema ndiyo, kwa kuwa wanalipa. Na akimpikia Magesa? Ndiyo, maana Magesa analipa pango. Na akijipikia mwenyewe? Dokta akasita, akasema hapo kwa kweli hapana, hapo haihesabiwi. "Na sufuria ni hilo hilo moja," alisema Mama Bwire, akaenda zake kuosha vyombo. Nilisikia kila neno, nilicheka kuliko wote, na haikunijia hata mara moja kwamba jibu la swali la tisa la mwanamke huyu nililiandika mimi mwenyewe.

Tukaenda Bunda, tukaenda Butiama. Bunda niliwahoji watu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine zilikuwa zimesimama miezi kadhaa kwa kukosa vipuri, ila wafanyakazi walifika kila asubuhi, wakasaini kitabu, wakakaa kivulini wakicheza bao mpaka saa ya kutoka. Niliwaandika wote: ameajiriwa. Kijiji kimoja cha Butiama nilikuta risaga, ile desturi ya majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho, mwenye shamba akiwapikia. Walikuwa wanapalilia mtama kwa wimbo, wanaume kwa wanawake, jasho linawatiririka. Nilimwuliza mzee mmoja kazi ya mke wake. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameinama na jembe hatua tano kutoka tulipo, akaniambia, "Huyo? Hana kazi. Ni mke wangu." Mke hakuinua kichwa. Nikaandika. Kwa wiki tano niliandika hana kazi mara nyingi hivi kwamba mkono uliyaandika maneno hayo wenyewe, nikageuza ukurasa.

Tuliporudi Musoma tulikuta oparesheni ya nguvu kazi imepamba moto. Nchi ilikuwa na njaa, wakubwa waliona mijini kumejaa wazururaji, kwa hiyo asiye na kazi inayoeleweka alikamatwa apelekwe mashambani akalime. Mgambo walisimama njiani wakidai vitambulisho vya kazi. Niliingia Kitaji mchana, begi begani, nikamkuta jirani anaanua nguo. Akaniambia bila salamu, "Wamemchukua mama yako." Walimkuta asubuhi anatoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, beseni la furu kichwani. Kitambulisho hakuwa nacho. Wakaangalia kwenye orodha ya kata, wakamkuta kwa wasio na kazi. Lori lingekuja kesho yake saa nne kuwachukua wote, na nyumba ya mtu aliyehamishwa, kila mtu alijua, haikai tupu wiki moja.

Nilikimbia mpaka ofisi ya kata. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa chini ukutani, wengi vijana wa sokoni, na wanawake kadhaa. Mama Bwire alikuwa miongoni mwao, beseni miguuni, furu wameanza kuharibika. Aliponiona hakulia wala hakulalamika. Alipaza sauti, "Magesa! Udaga uko juani, uuanue, mvua inakuja!" Dirishani, mezani kwa karani, niliiona fomu. Niliutambua mwandiko kabla sijayasoma maneno. Mstari wangu ulikuwa hapo chini ya neno kazi, umenyooka vizuri. Nikarudi nyumbani, nikauanua udaga wote, nikaupanga ndani, na mvua ikanyesha kweli. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia siku hiyo nikiwa na mikono myeupe kwa unga wa mtu niliyemfanya mzururaji.

Jioni ile ile, jua halijazama, nilikuwa hosteli mbele ya wataalamu watatu nikiwaeleza, na kwamba nataka kwenda kata kukiri kosa langu. Dokta Lema akasema kwa tafsiri ya kiuchumi sikukosea; akajirudi mwenyewe, akasema hilo si la kusema sasa. "Lakini sikiliza, kijana. Kibali chetu kiko mikononi mwa watu hao hao. Ukiwaambia fomu moja ni ya uongo, watauliza kuhusu nyingine zote. Na barua yako ya kazi natakiwa niiandike mimi, niseme unaaminika. Nitaiandikaje?" Hakuwa ananitisha. Alikuwa na hofu, na mwaka ule hofu ilikuwa haki ya kila mtu. Injinia Kato alifungua daftari lake akaanza kujumlisha madebe aliyompimia Mama Bwire, umbali toka bombani mpaka nyumbani, kisha akalifunga. "Hawa hawataki hesabu," alisema.

Bi Salma ndiye aliyeuliza, "Magesa mwanangu, ulimwuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Kwani kwenu kazi mwaiitaje?"

Nikamwambia emilimu. Akauliza, na kulima je? Nikasema okulima. Nilipoyatamka yote mawili, moja nyuma ya lingine, nikasimama. Emilimu, okulima. Nimeyasema maneno hayo tangu nikiwa mgongoni, na sikuwahi kuyasikia kwamba ni mtu na ndugu yake. Injinia Kato alikuwa ameshainua kichwa. "Hata kwetu Kagera," alisema, "kazi ni omulimo. Ni kulima huko huko." Bi Salma akapiga paja. "Basi hicho Kiswahili chetu ndicho kilichomponza bibi wa watu! Kwetu kazi na kulima havijuani. Kazi ni ya ofisini, ya bandarini, ya mwenye bosi. Kalijua hilo, ndiyo maana kakwambia hana. Kwa lugha yake hata akitaka hawezi kukwambia 'sina kazi, nalima.' Itakuwa kama kusema sina maji, nina maji tu." Dokta Lema aliinuka akaenda dirishani. Kutoka huko akaniambia, "Nenda kesho asubuhi. Ila unakwenda kwa jina lako, si kwa jina la mradi." Nilimshukuru.

Asubuhi Bi Salma alinisindikiza, kajifunga kanga mbili, akakaa kwenye benchi, na kukaa kwake tu kulinipa nguvu. Katibu Kata alikuwa mtu wa huku huku kwetu ziwani, mnene, mchovu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya Mama Bwire. Akachukua fomu, akasoma kwa sauti watu wote wakisikia mlangoni: "Hana kazi. Imeandikwa, ndugu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Ndugu Katibu, aliyeandika ni mimi. Nilikosea."

Nje nilimwona Mama Bwire amegeuza shingo kunitazama, na uso ule sitausahau. Mpaka dakika ile alikuwa anadhani ni makosa ya karani. Katibu akaiweka fomu mezani. "Kwa hiyo wewe unaandikaga uongo? Unajua naweza kuwaandikia wakubwa wako leo hii kwamba kazi yako haiaminiki?" Nikamwambia najua. Nikamwomba jambo moja tu, aniruhusu nimwulize tena swali la tisa pale pale mbele yake, kwa Kijita. Akatazama saa. Lori lilikuwa halijafika. Akasema, "Muulize, nisikie huo Ujita."

Akaletwa mlangoni. Nikamwuliza kwa lugha ya nyumbani, emilimu yake ni ipi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapumua. Kisha akanijibu mimi, akamjibu Katibu, akawajibu na waliokuwa ukutani. Umekaa kwangu na bado unaniuliza? Nianze na ipi? Akaanza na mihogo: kung'oa, kumenya, kuvundika, kuanika, kutwanga, na hapo bado hujapata ugali. Akaja kwenye mtama na ndege wanaoula. Akaja kwenye samaki, anatoka alfajiri kuwahi mitumbwi, kuparua, kupasua, kubanika, kuni zenyewe zinatoka wapi, kwani zinakuja kwa miguu yao? Akataja mtoto wa jirani anayembebea mama yake akiwa hospitali. Akataja udaga anaompelekea bibi kipofu wa nyumba ya tatu. Akataja mashati yangu. Katibu alikuwa ameshika kalamu tangu mwanzo, akaandika mstari wa kwanza na wa pili, wa tatu akaacha. Mama Bwire akamwambia, "Na wewe baba, wale samaki wa kubanika mke wako anaokuletea kila Alhamisi, unafikiri wanabanikwaga na nani?" Kulitokea kicheko ukutani, hata mgambo alicheka, na Katibu mwenyewe akafunika mdomo kwa fomu. Kisha akakata neno langu kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake mkulima, mfanyabiashara wa samaki, akagonga muhuri. Mwanamke mwingine ukutani akasema kwa Kijita kwamba na yeye aulizwe hivyo. Wanawake wanne waliondoka nasi asubuhi ile. Vijana wa sokoni hawakuwa na wa kuwauliza upya, lori liliwachukua, na mmoja wao alinipungia mkono kana kwamba tunajuana.

Dokta Lema aliniandikia barua. Ninayo mpaka leo, karatasi imekuwa ya njano. Aliandika kwamba nafanya kazi kwa bidii, na kwamba nikikosea nasema kabla sijaulizwa. Ile sentensi ya pili ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu, naamini hivyo, na maisha yangu yote ya kutunga madodoso ya watu nimejaribu kuistahili. Alituita vilevile tukakaa siku tatu kuifuta na kuiandika upya fomu yote, na kwenye swali la tisa neno kazi tukaliondoa. Tukaandika: tangu kuamka jana mpaka kulala, ulifanya nini na nini? Fomu ikawa ndefu mara mbili. Injinia Kato alijitolea kurudi nami Butiama kwa baiskeli, kilomita kwa kilomita, kuwauliza tena wale niliokuwa nimewaandika kwa mazoea. Yule mke wa mzee safari hii nilimwuliza yeye mwenyewe. Aliweka jembe chini ili anijibu.

Lakini nyumbani Kitaji kulikuwa kumebadilika. Mama Bwire hakunifukuza. Chakula changu kilikuwepo, moto, kimefunikwa. Mashati yangu yalifuliwa kwa majani ya mpapai kama kawaida. Ila aliacha kusema nami Kijita. Alianza kunisemesha Kiswahili, tena kizuri kuliko nilivyodhani anakijua. "Chakula kipo mezani." "Mlango usiuache wazi." "Maji ya kuoga yameshachemka." Jirani akija walikuwa wanapiga Kijita chao na kucheka, nikitokea anageuka kuwa mtu wa redioni. Nilimwomba radhi mara mbili, akaniambia, "Hakuna neno," na hilo nalo kwa Kiswahili. Ningependelea anitukane. Siku nane nilikaa kwenye nyumba ile kama mgeni aliyefika na barua.

Siku ya tisa nilirudi alasiri nikamkuta uani. Amechutama mbele ya moto, moshi umemgeukia, machozi yanamtoka kwa moshi, anageuza furu mmoja mmoja kwa vidole. Mtoto wa jirani yuko mgongoni. Kando yake debe la maji, na mihogo iliyomenywa nusu. Kila siku niliyokuwepo mwaka ule nilikuwa nimepita hapo hapo nikamsabahi, nikamwuliza chakula, nikaingia chumbani kwangu kuandika habari za kazi. Nilivua viatu. Nikasimama mbele yake, na kwa kuwa Kiswahili ndicho alichoniachia, nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole na kazi, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya samaki. Alinitazama, macho mekundu, akajifuta kwa upande wa kiganja.

"Nimeshapoa, baba," akasema. Kisha, kwa Kijita, akaniambia ninawe mikono nije nimsaidie kugeuza, wale wa pembeni wanaungua.